Namna ya Kusoma Siasa Ndani ya Tangazo la Mlipuko wa Ugonjwa

Waziri wa afya anapowaita waandishi wa habari ili kutangaza kwamba kuna mlipuko wa ugonjwa, au kukanusha kwamba upo, maneno anayoyasoma yamekwisha kupita mezani kwa watu wengi: mtaalamu wa maabara, mganga mkuu wa serikali, mwanasheria, wasaidizi wa rais, na mara nyingi wizara za fedha, utalii na mambo ya nje. Kila meza huongeza jambo na kupunguza jambo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hulazimika kuipokea taarifa ya namna hiyo na kuieleza kwa wengine, awe mhariri wa redio ya jamii, mwalimu, mwanafunzi wa afya ya jamii, diwani au kiongozi wa dini, ili aweze kutambua ni wapi hasa siasa imeingia katika uamuzi wa afya na imeufanya nini uamuzi huo.

Siasa inayozungumzwa hapa ni ile ya kawaida kabisa, yaani nani anaamua, nani analipa, na nani ataulizwa mambo yakiharibika. Serikali inayofunga shule na ile inayoziacha wazi zote mbili zimefanya uamuzi wa kisiasa, hata kama zote mbili zimewasikiliza madaktari wao. Kwa hiyo msomaji atakayemaliza ukurasa huu akiamini kwamba magonjwa hutungwa na wanasiasa atakuwa ameusoma kinyume. Virusi vya Marburg, vinavyoleta ugonjwa hatari wa jamii moja na Ebola, haviulizi kadi ya chama.

Anza na tarehe

Kabla ya kuuliza nani anasema kweli, chukua karatasi uigawe safu tatu. Safu ya kwanza iandike tarehe za ugonjwa: mgonjwa wa kwanza aliugua lini, sampuli zilichukuliwa lini, majibu yalitoka lini. Safu ya pili ni ya taarifa rasmi, za serikali na za mashirika ya kimataifa. Safu ya tatu ni ya mambo ambayo kwa juu juu hayahusiani na afya hata kidogo, kama vile uchaguzi, mkutano mkuu wa chama, ugeni wa marais, msimu wa watalii na majadiliano ya mikopo. Kazi hii inachosha, na ndiyo sababu wengi huiruka, lakini hotuba inaweza kupambwa wakati tarehe ni vigumu kuipamba.

Tuchukue mlipuko wa Marburg mkoani Kagera mwanzoni mwa mwaka 2025, kwa kuwa nyaraka zake ni fupi na ziko wazi. Katika safu ya kwanza, uchunguzi uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba mgonjwa wa kwanza aliyetambuliwa alianza kuugua mwezi Desemba 2024. Katika safu ya pili, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba lilipata taarifa za kuaminika kutoka ndani ya nchi tarehe 10 Januari 2025, na tarehe 14 likachapisha kwamba kulikuwa na wahisiwa 9, yaani watu waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo, wanane kati yao wakiwa wamefariki, katika wilaya za Biharamulo na Muleba. Wizara ya Afya ya Tanzania, kupitia waziri wa wakati huo, Jenista Mhagama, ikajibu kwamba kufikia tarehe 15 Januari sampuli zote zilizopimwa hazikuonyesha virusi vya Marburg. Tarehe 20 Januari, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba mtu mmoja amethibitika kuwa na ugonjwa huo. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi.

Sasa jaza safu ya tatu. Mkutano mkuu maalumu wa Chama cha Mapinduzi, uliomteua mgombea urais wa uchaguzi wa mwaka huo, ulifanyika hapo hapo Dodoma tarehe 18 na 19 Januari. Mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati, uliowaleta marais na mabenki ya maendeleo, ulifanyika Dar es Salaam tarehe 27 na 28 Januari.

Hapa ndipo wengi huteleza. Tarehe 20 inaifuata tarehe 19, na mkono unawasha kuandika kwamba tangazo lilicheleweshwa ili mkutano wa chama upite. Usiandike hivyo. Ukaribu wa tarehe hukupa swali la kuuliza na haukupi jibu, na katika tukio hili yapo maelezo mengine yanayosimama vizuri vilevile: huenda sampuli iliyothibitisha ugonjwa ilipimwa katika siku hizo hizo, na ujio wa Mkurugenzi Mkuu ulikuwa na ratiba yake. Kinachoruhusiwa ni kuandika maswali yanayoweza kujibiwa kwa nyaraka. Sampuli hiyo ilichukuliwa tarehe ngapi? Majibu yalimfikia nani kwanza, na saa ngapi zilipita kabla ya halmashauri ya Biharamulo kuambiwa? Ukiyapata majibu hayo, safu ya tatu itajisemea yenyewe, ama itanyamaza.

Sikiliza maneno yanayopunguza

Karatasi ikishajaa, rudi kwenye maneno yaliyotumika. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko hugawa wagonjwa katika makundi matatu: mhisiwa, ambaye ana dalili, yule anayechukuliwa kuwa alikuwa mgonjwa kwa sababu alikuwa na dalili na uhusiano na wagonjwa wengine ingawa hakupimwa, na aliyethibitishwa na maabara. Mpaka kati ya makundi haya ni wa kitaalamu, lakini mwandishi wa hotuba akiuelewa anaweza kusema kweli tupu na bado akamwacha msikilizaji na picha isiyo kamili.

Hesabu ya mwisho ya Kagera ilikuwa watu 10, na wote walifariki. Waliothibitishwa na maabara walikuwa wawili tu. Wanane waliobaki waliingizwa katika hesabu kutokana na dalili zao na uhusiano wao na wagonjwa, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuzikwa hachukuliwi tena damu. Kwa hiyo kauli kwamba sampuli zote zilizopimwa hazina virusi ilizihusu sampuli, na haikuwahusu watu ambao hawakuwa na sampuli. Unaposikia sentensi yenye sura hiyo, swali la kwanza ni hili: waliofariki kabla ya timu kufika wamehesabiwa wapi? Uliza pia sampuli ngapi zimepimwa, katika maabara gani, na kama zimepelekwa maabara ya pili kwa uhakiki, kwa sababu uhakiki wa nje ni utaratibu wa kawaida na afisa asiye na cha kuficha hujibu bila kukasirika.

Maneno mengine ya kupigia mstari ni “hali imedhibitiwa”, ambayo haina kipimo chochote, na “tunaendelea kufuatilia”, ambayo inaweza kumaanisha watu mia wakizunguka nyumba kwa nyumba au mtu mmoja mwenye simu. Kipimo cha kweli cha ufuatiliaji ni kati ya watu waliokutana na wagonjwa, ni wangapi walioonwa jana. Ukikosa tarakimu hiyo katika taarifa, iulize kwa jina lake.

Takwimu zinapokatika

Zipo nyakati ambapo hakuna maneno ya kuchambua kwa sababu taarifa zenyewe zimekoma. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 16 Machi 2020. Mwezi Mei mwaka huo hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na ikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka. Katikati ya hapo kulikuwa na hotuba ya Rais John Magufuli ya tarehe 3 Mei, aliposema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na virusi. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Mwezi Juni nchi ikatangazwa kuwa haina korona, na mwezi Oktoba ukafanyika uchaguzi mkuu.

Katika hali kama hiyo msomaji makini huvuka mpaka. Madereva wa malori waliotoka Tanzania walipimwa upande wa pili, na walichokuta wapimaji wa Kenya pale Namanga kilitangazwa Nairobi. Zambia iliufunga mpaka wake wa Nakonde, mkabala na Tunduma, mwezi huo huo wa Mei, na tarehe 16 Kenya ikazuia watu kuvuka kutoka Tanzania na kuruhusu mizigo tu. Nchi inaweza kuacha kuhesabu, lakini majirani zake hawaachi. Vyanzo vingine vinavyofaa ni takwimu za wasafiri waliopimwa walipofika nje, tahadhari za balozi, matangazo ya misiba ya watumishi wa umma na viongozi, na kauli za mabaraza ya dini. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachokupa idadi ya wagonjwa, na asikudanganye mtu kwamba kinaweza. Vinakuonyesha tu kama kimya kinalingana na hali ilivyo.

Ukikuta kimya kimevunjika, chunguza kilivunjika kwa utaratibu gani. Baada ya kifo cha Magufuli mwezi Machi 2021, Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, kamati hiyo ikapendekeza mwezi Mei kwamba takwimu zitolewe, na chanjo zikafika tarehe 24 Julai. Wataalamu wengi waliotumika katika kipindi cha pili walikuwepo nchini katika kipindi cha kwanza. Nadhani hilo ni la kukumbuka kila mara mtu anapodai kwamba tatizo la nchi fulani ni uhaba wa wataalamu.

Uliza ukweli unamgharimu nani

Si haki kuzilaumu serikali zinazokawia kutangaza bila kuangalia zinachokiogopa. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 2007, zinaitaka nchi iarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 tangu itathmini kwamba tukio linaweza kuwa dharura ya kimataifa. Kanuni hizo hizo zinaziasa nchi nyingine zisiweke vikwazo vya safari na biashara vinavyopita mahitaji ya afya. Sharti la kwanza lina macho ya ulimwengu mzima juu yake. La pili huvunjwa mchana kweupe na hakuna anayeadhibiwa.

Wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana walipobaini aina mpya ya virusi vya korona mwezi Novemba 2021, Afrika Kusini iliarifu Shirika la Afya Duniani tarehe 24. Kabla ya siku mbili kupita, Uingereza ilikuwa imesimamisha ndege kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika, na Umoja wa Ulaya na Marekani zikafuata, ingawa muda si mrefu ilijulikana kwamba aina hiyo, iliyopewa jina la Omicron, ilikuwa tayari imeenea katika nchi ambazo hazikufungiwa. Rwanda nayo ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024, ikatoa takwimu kwa mfululizo, ikaanza jaribio la chanjo siku chache baadaye, na ikamaliza mlipuko kwa vifo 15 kati ya wagonjwa 66, kiwango cha chini mno kwa ugonjwa huo. Bado mwezi Oktoba Marekani iliwashauri raia wake wafikirie upya safari za Rwanda zisizo za lazima. Waziri wa utalii wa nchi jirani aliona yote hayo, na bila shaka aliyakumbuka.

Kwa hiyo, katika safu yako ya tatu, andika pia tangazo hilo litamgharimu nani na kwa kiasi gani. Ugonjwa ukiwa Kagera, fikiria hoteli za Zanzibar na Arusha, ambazo ziko mbali sana na Biharamulo lakini mteja wa Ulaya haoni umbali huo kwenye ramani yake. Ukiona serikali imenyamaza, mpime anayenyamaza; ukiona nchi nyingine imefunga mpaka, mpime naye pia, kwa kuuliza kama alifuata ushauri wa kitaalamu au alitaka wapiga kura wake waone ameshughulika.

Nani anashika mwitikio

Swali linalofuata ni la mamlaka, yaani nani anaongoza mwitikio, kazi ya kupambana na mlipuko, na hakuna mahali lilipojitokeza kwa ukatili kama katika mlipuko wa Ebola wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Waliopambana nao walikuwa na chanjo, walikuwa na fedha, na walikuwa na madaktari wenye uzoefu wa miongo. Walichokosa ni imani ya watu wa miji ya Beni na Butembo, na ukosefu huo ulikuwa na historia yake.

Tangu mwaka 2014 raia wa eneo la Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi katika mashambulizi yanayohusishwa zaidi na waasi wa ADF. Miaka minne ya mazishi haikuleta msafara wa magari meupe. Ebola ilipoingia, magari yalijaa barabarani ndani ya wiki chache, na mkazi wa Beni aliuliza swali ambalo hakuna mtaalamu wa mawasiliano aliyeweza kulijibu kwa kipeperushi: kwa nini ugonjwa huu, na si vifo vile? Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi ya Kongo iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi mwezi Machi 2019, kwa sababu za Ebola na usalama, wakati rais mpya alikuwa aapishwe Januari. Kura zisingekuwa na athari yoyote. Eneo hilo lilijulikana kuwa ngome ya upinzani, na masoko, makanisa na shule vilikuwa vikiendelea kama kawaida. Kesho yake waandamanaji wa Beni walikivamia kituo cha kupokea wahisiwa wa Ebola, na tarehe 30 wakazi wakajipanga wenyewe katika foleni na kupiga kura ya ishara.

Soma tukio hilo pole pole, kwa sababu linafundisha kuliko semina nyingi. Siku ile tume ya uchaguzi ilipolitumia jina la Ebola, kila muuguzi aliyevaa glavu aligeuzwa kuwa wakala wa Kinshasa machoni pa wengi, apende asipende. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na mwezi Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi akiwa hospitalini Butembo. Kuongeza askari wa kulinda misafara kulionekana kuwa busara ofisini, lakini kijijini kulithibitisha shaka iliyokuwepo.

Juu kabisa nako kulikuwa na vuta nikuvute. Mwezi Julai 2019 Rais Félix Tshisekedi alihamisha uongozi wa mwitikio kutoka wizara ya afya na kuukabidhi kwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa miongoni mwa watafiti wa mlipuko wa kwanza wa Ebola kule Yambuku mwaka 1976. Waziri wa afya, Oly Ilunga, alijiuzulu, akilalamikia pia shinikizo la kuingiza chanjo ya pili ambayo aliipinga. Mwaka uliofuata mahakama ilimtia hatiani kwa ubadhirifu wa fedha za Ebola, tuhuma alizozikana. Na mwezi Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilieleza unyanyasaji wa kingono uliofanywa wakati wa mwitikio huo, ikiwataja watuhumiwa 83, ambao 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo. Ajira, gari la kukodi, posho ya kusindikiza maiti: kila kimoja kilikuwa mamlaka mkononi mwa mtu.

Kwa mlipuko wowote ulio mbele yako, basi, tafuta majina ya wanaotia saini. Nani anaidhinisha malipo ya wahudumu wa ngazi ya jamii? Nani amekodisha magari na nyumba? Msemaji ni daktari, au ni mkuu wa mkoa akiwa na kamati ya ulinzi na usalama nyuma yake? Sheria gani imetumika, ya afya ya jamii au ya amani na utulivu? Uganda, katika kampeni za uchaguzi wa Januari 2021, ilitumia masharti ya korona kuweka kikomo cha mikutano, na kukamatwa kwa mgombea Robert Kyagulanyi tarehe 18 Novemba 2020 kwa madai ya kuyavunja kulizua ghasia zilizoua watu wasiopungua 54. Burundi, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Mei 2020, ilimfukuza mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wenzake watatu. Nchi moja ilikaza masharti na nyingine ikayapuuza, na zote mbili zilikuwa zinaelekea kwenye kura.

Panda hadi Geneva

Wengi hudhani kwamba juu ya serikali zao kuna shirika lisilo na siasa. Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Geneva, ni mali ya nchi wanachama, na bajeti yake inaeleza mengi kuliko katiba yake. Michango ya lazima, ile ambayo shirika linaweza kuipangia matumizi lenyewe, ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 20 ya mapato kufikia wakati wa korona. Iliyobaki ni michango ya hiari, ambayo sehemu yake kubwa huja na maelekezo ya mtoaji. Mwaka 2022 nchi zilikubaliana kupandisha michango ya lazima hatua kwa hatua hadi nusu ya bajeti ya msingi. Kabla safari hiyo haijafika mbali, tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuiondoa Marekani, iliyokuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote. Ni siku ile ile Tedros alipokuwa Dodoma akizungumzia Marburg, na ndiyo sababu safu ya tatu ya karatasi yako isiishie kwenye mipaka ya nchi.

Tangazo la dharura ya kimataifa lisome kwa jicho hilo hilo. Kamati ya wataalamu ya shirika hilo ilikataa mara tatu kushauri kwamba Ebola ya Kivu itangazwe kuwa dharura, hadi ilipokubali tarehe 17 Julai 2019, siku chache baada ya mgonjwa kufika Goma, mji wa mpakani. Mwaka 2022 Tedros aliitangaza homa ya nyani ingawa kamati yake haikuwa na kauli moja. Tarehe 13 Agosti 2024 taasisi ya Umoja wa Afrika ya kudhibiti magonjwa, Africa CDC, yenye makao yake Addis Ababa, iliitangulia Geneva kwa siku moja katika kuutangaza ugonjwa huo kuwa dharura, hatua ambayo haijawahi kuichukua kabla. Ukiulizwa kwa nini Addis Ababa ilikimbilia, anza na kumbukumbu ya chanjo za korona.

Kumbukumbu hiyo ni ya hivi karibuni. Mwezi Oktoba 2020 India na Afrika Kusini ziliomba Shirika la Biashara Duniani lilegeze haki za hataza, zinazomzuia mwingine kutengeneza bidhaa bila idhini ya mwenye ugunduzi, ili nchi nyingi zaidi zitengeneze chanjo na dawa. Uamuzi ulipatikana Juni 2022, ukiwa mwembamba na unaohusu chanjo pekee, wakati haja kubwa ilikuwa imepita. Machi 2021 India yenyewe, ikizidiwa na wagonjwa, ilizuia chanjo zisitoke, na mpango wa COVAX wa kuzigawia nchi chanjo, uliokuwa umetegemea kiwanda kimoja cha Pune ukabaki mikono mitupu, nchi nyingi za Afrika zikiwa zimekwisha kutoa dozi ya kwanza. Indonesia ilikuwa imeonyesha mwaka 2007 silaha ya upande wa pili: iliacha kupeleka sampuli za mafua ya ndege, ikihoji kwa nini virusi vyake vitengeneze chanjo ambayo haiwezi kuinunua.

Mkataba wa majanga ya magonjwa, uliopitishwa na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani tarehe 20 Mei 2025, umezaliwa na ugomvi huo. Utausikia ukielezwa kuwa unaipa Geneva uwezo wa kufunga nchi. Usibishane, fungua maandishi yenyewe, ambayo yanasema waziwazi kwamba hayalipatii shirika mamlaka ya kuamuru wasafiri wazuiwe, chanjo za lazima au watu wafungiwe ndani. Ugomvi wa kweli uko kwenye kiambatisho cha kubadilishana vimelea na faida zake, ambacho kiliachwa kijadiliwe baada ya mkataba kupitishwa. Mkataba unataka watengenezaji watakaojiunga watenge asilimia 20 ya uzalishaji wao wakati wa janga, angalau nusu yake ikiwa msaada. Wakati huo huo Marekani, ikiwa nje, imeanza kuingia makubaliano ya afya na nchi moja moja: Kenya ilitia saini ya kwake tarehe 4 Desemba 2025, na wiki moja baadaye Mahakama Kuu ya Nairobi ikasimamisha sehemu inayohusu kupeleka taarifa za afya za wananchi. Msomaji wa sera za afya duniani afuatilie zaidi makubaliano hayo ya wawili wawili, kwa sababu nchi ambayo imekwisha kuahidi sampuli zake chumbani ina sauti ndogo ukumbini.

Unapoandika

Weka kwanza kinachomsaidia msikilizaji asiugue leo: dalili, mahali pa kwenda, namba ya simu ya bure, namna ya kumzika marehemu kwa usalama. Uchambuzi wa siasa ufuate, na usimtaje mgonjwa wala familia yake, hata jina likiwa linajulikana mtaani. Tenganisha kwa sentensi mbili tofauti kile ambacho nyaraka zinathibitisha na kile ambacho tarehe zinakufanya uulize. Ofisi ikikataa kujibu, andika kwamba uliuliza nini na lini.

Fahamu pia sheria za nchi yako. Nchini Tanzania, kutangaza takwimu rasmi kinyume cha utaratibu kuliwahi kuwa na adhabu kali kabla sheria ya takwimu kurekebishwa mwaka 2019, na sheria ya makosa ya mtandaoni ipo. Mara nyingi ni salama zaidi kuunukuu waraka uliochapishwa, ukiwemo wa nchi jirani, kuliko kutoa hesabu yako mwenyewe.

Usiifunge karatasi siku mlipuko unapotangazwa kumalizika. Siku 42 zikipita bila mgonjwa mpya wa Ebola au Marburg, kamera huondoka, na hapo ndipo nyaraka zenye thamani huanza kuandikwa: tathmini ya baada ya tukio, hesabu za fedha za dharura, ripoti ya mkaguzi. Ziombe kwa barua, na taja katika barua hiyo fungu la fedha lililotangazwa siku ya kwanza na nani alilitangaza. Uliza kama wahudumu wa ngazi ya jamii wamelipwa posho zao zote, na kama maabara inayohamishika iliyopelekwa wilayani bado ipo wilayani.